Tundu Ubavuni mwa Famicom

Swali lililozaa mjadala huu laweza kuonekana dogo mbele ya mtu asiyelijua jambo lenyewe. Je, mtu aliyepata mashine ya michezo ya Kijapani ya mwaka 1983, naye akataka iwake na kuchezwa nyumbani kwake Unguja, ana ruhusa ya kutoboa gamba lake na kulehemu waya mpya ndani yake, au wajibu wake ni kuiacha kama ilivyotoka kiwandani, hata ikiwa kuiacha hivyo ni kuikosesha televisheni yoyote ya kuonekania? Sauti tatu zinazofuata nimezitunga, lakini mashine, na maradhi yake, na dawa zinazotajwa, ni za kweli. Wa kwanza ni Fundi, mtu wa makamo aliyekula umri wake katika kutengeneza redio na televisheni. Wa pili ni Bi. Mhifadhi, aliyefanya kazi ya kutunza vitu vya kale. Na wa tatu ni Kijana, mwanafunzi wa kompyuta. Nami si mwamuzi asiye na upande, na msomaji atauona upande wangu kabla hatujafika mwisho.

Mashine yenyewe ni Famicom, iliyotolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani tarehe 15 Julai 1983, baada ya kubuniwa na wahandisi walioongozwa na Masayuki Uemura. Gamba lake ni jeupe na jekundu la damu ya mzee, kaseti zake huingia kwa juu kwa pini 60, na vishikio vyake viwili vya kuchezea vimefungwa kwa waya usiochomoka. Nintendo iliacha kuitengeneza mwaka 2003, na mwaka 2007 ikaacha hata kuipokea kwa matengenezo, kwa kuwa vipuri vilikuwa vimekwisha. Na tangu hapo dhamana ya uhai wake imo mikononi mwa watu wa majumbani, wenye bisibisi na mita na subira.

FUNDI. Kabla ya kuzungumza hikima tuzungumze umeme, kwa sababu kitu kilichokwisha kuungua hakina tena asili ya kubishaniwa. Adapta ya Famicom ilitengenezwa kwa volti 100 za Japani. Sisi ukutani tuna volti 230, na mwenye kuichomeka moja kwa moja huwa ameiua kabla hajaiona picha ya kwanza. Hezi hazitutishi, maana Japani yenyewe imegawanyika, Tokyo ikitumia hezi 50 kama sisi na Osaka 60, na adapta ile ilizaliwa kuzivumilia zote mbili. Kinachoua ni volti. Njia ni mbili: ama transfoma ya kushushia umeme kutoka 230 hadi 100, ama adapta ya Kijapani iwekwe kabatini, itumike nyingine ya huku kwetu inayotoa mkondo mnyoofu wa volti 9 au 10, yenye uwezo wa miliampia 850 au zaidi, na yenye hasi katikati ya plagi na chanya nje. Hilo la hasi katikati nalikariri kwa makusudi, kwa sababu adapta nyingi za leo ni kinyume chake. Na adapta ya NES ya Marekani, ambayo ni ndugu wa damu wa Famicom, haitoi mkondo mnyoofu hata kidogo, bali hutoa mkondo geu wa volti 9, ilhali Famicom haina ndani yake kitu cha kuunyoosha. Plagi itaingia bila taabu, na madhara yatafuata bila taabu vilevile.

BI. MHIFADHI. Katika hilo sina ugomvi nawe, kaka yangu, maana adapta imo nje ya mwili wa mashine, na anayeibadilisha na kuitunza ile ya asili ndani ya mfuko ulioandikwa jina lake hajakiharibu kitu. Ugomvi wetu waanza pale utakapoifungua.

FUNDI. Nami sitaifungua kwa kupenda, dada yangu. Nitaifungua kwa kuwa imezaliwa na ulimi mmoja tu, na ulimi huo hapa kwetu haueleweki. Famicom ya mwaka 1983 haina tundu la AV. Hutoa picha na sauti kwa njia ya antena peke yake, katika chaneli ya 1 au ya 2 ya Japani, yaani kuanzia megahezi 90 hadi 102, mahali ambapo kwetu hukaa redio za FM. Televisheni nyingi za huku, ukizitafutisha chaneli, huruka eneo hilo zisione kitu. Tuseme umepata moja inayoweza kulishika. Bado rangi za Kijapani ni za mfumo wa NTSC, na televisheni inayojua PAL tu itakuonyesha picha nyeusi na nyeupe, au picha inayopanda na kushuka isitulie. Na ukiipata hiyo rangi, sauti haiji, kwa sababu katika mfumo wao sauti hukaa megahezi 4.5 juu ya picha, na katika mifumo ya PAL tuliyoizoea hukaa 5.5 au 6. Basi mtu amenunua mashine, amenunua transfoma, amepata televisheni, na mwisho wa yote ana picha ya kijivu isiyosema neno. Dawa yake inajulikana: transista moja, rezista chache na kapasita, vikilehemiwa pale picha inapotoka katika chipu ya michoro, kisha waya mbili, moja ya picha na moja ya sauti, zikatokea ubavuni kupitia matundu mapya. Hapo itaunganishwa na televisheni yoyote yenye tundu la AV inayopokea NTSC, na zile za chogo zilizoletwa kutoka Dubai na Maskati aghalabu zilikuwa za mifumo mingi, zinapokea.

KIJANA. Mzee, shikamoo, na samahani kwa kuingilia. Lakini kwa nini taabu yote hii? Michezo ile imekwisha kusomwa kutoka ndani ya kaseti na kuhifadhiwa, na programu za kuigiza mashine zaweza kuichezesha katika kompyuta ya kawaida, au hata katika simu. Tena ziko bodi zenye chipu za kupangwa upya, kama mradi wa MiSTer ulioanza mwaka 2017, ambazo haziigi kwa programu bali hujijenga saketi ya mashine ya kale ndani yao. Hakuna transfoma, hakuna chogo, hakuna kutoboa. Na mkumbuke kwamba mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotoka nchini humo haiuzwi tena kwa njia yoyote. Kama si nakala, kilichobaki ni kuomba Mungu kwamba kaseti haitashika kutu.

FUNDI. Marahaba, mwanangu. Kaa, usiseme kwa kusimama.

BI. MHIFADHI. Nakala naiheshimu, mwanangu, na asemaye kwamba nakala ni wizi mtupu hajapata kuona kumbukumbu zikioza. Lakini sikiliza. Katika kishikio cha pili cha Famicom, pale ambapo kile cha kwanza kina vitufe vya kuanzia, pamewekwa maikrofoni ndogo. Katika mchezo wa Zelda uliotoka Japani mwaka 1986 kwa diski, yuko adui mwenye masikio makubwa aitwaye Pols Voice, na mchezaji akipiga kelele ndani ya maikrofoni ile, adui hufa. Watoto wa Tokyo walimpigia kelele televisheni usiku mpaka wakakemewa na mama zao, naamini hivyo, maana mtoto ni mtoto popote alipo. Mchezo ulipopelekwa Marekani mwaka 1987, mashine ya huko haikuwa na maikrofoni, na adui yule akawa wa kuuawa kwa mishale. Sasa katika programu yako, kelele ile huwa kitufe: unabonyeza herufi moja, na adui anakufa kimyakimya. Ukisoma orodha ya yaliyohifadhiwa, mchezo umo wote, hakuna baiti iliyopotea. Ila kitendo cha mtu, ambacho mbuni alikikusudia, hakimo.

KIJANA. Naweza kuunganisha maikrofoni kwenye kompyuta, shangazi.

BI. MHIFADHI. Waweza, na utafanya vema. Lakini utajuaje iwe na ukali gani, na kelele kiasi gani iitwe kelele, kama hakuna Famicom hata moja iliyo hai ya kupimia?

Hapa naomba kuingia kwa maneno machache, maana ndipo penye kiini cha jambo. Waliotengeneza programu hizi hawakukisia. Waliandika programu ndogo za majaribio, wakazipeleka katika mashine halisi, wakayaandika majibu yake mpaka tofauti ya mpigo mmoja wa saa, na wako waliofikia kuvua gamba la chipu kwa tindikali na kuipiga picha kwa hadubini ili waione transista moja moja. Kila nakala iliyo sahihi imepata usahihi wake kutoka kwa asili iliyokuwa inawaka. Basi anayeitengeneza Famicom moja nyumbani kwake, hata kama hajui, anatunza kipimo ambacho nakala zote hurejea kwake zinapotiliwa shaka. Na ndiyo sababu naitakia mashine hii uhai wa kuwaka, wala siridhiki na uhai wa kukaa ndani ya kabati la kioo.

FUNDI. Ndivyo nilivyokuwa naelekea, na sasa dada yangu amejifunga mwenyewe. Akisema mashine lazima iwe hai ili iwe kipimo, basi hana budi kuniruhusu niipe njia ya kuonekana. Tena wenye kiwanda hawakuiona kazi yao kuwa takatifu. Famicom za mwanzo zilikuwa na vitufe vya mraba vya mpira laini vilivyonasa na kuchakaa, wakavibadilisha kwa vya plastiki vya duara. Na mwaka 1993 Nintendo wenyewe wakatoa Famicom mpya, wakaifuta njia ya antena wakaweka tundu la AV, yaani jambo lilelile ninalotaka kulifanya mimi. Je, fundi wa Unguja akifanya kwa mkono alichokifanya mwenye kiwanda kwa mitambo, ndiye mharibifu?

BI. MHIFADHI. Umenipa mfano unaonisaidia mimi, kaka. Hiyo Famicom ya 1993 ina picha safi, naam. Na je, vishikio vyake vina maikrofoni? Havina. Waliirekebisha mashine kwa nia njema, na katika kuirekebisha wakamnyamazisha mtoto yule mpiga kelele. Mimi sisemi walikosea kibiashara. Nasema mwenye kuboresha hachagui peke yake kitakachopotea, na aghalabu hajui mpaka miaka imepita. Ndiyo maana katika kazi yetu tuna sharti moja: usifanye katika kitu cha kale jambo ambalo atakayekuja baada yako hawezi kulirudisha. Mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe ulioliwa na mchwa huchomekwa kipande kipya cha mbao kinachoweza kung'olewa. Haupigwi randa ukawa laini. Lehemu huyeyuka, waya huondolewa, transista huvuliwa. Tundu la plastiki halizibiki.

KIJANA. Na kapasita, shangazi? Maana nimesoma kwamba za zamani huvuja.

BI. MHIFADHI. Muulize fundi, ndiye mwenye elimu hiyo.

FUNDI. Huvuja, lakini si zote sawa. Kapasita za kielektroliti zina maji ndani, na maji hayo kwa miaka ama hukauka ama hutoka nje yakala shaba ya bodi. Famicom ni katika mashine zenye bahati. Nyingi bado zinawaka na kapasita zao za kwanza. Ukitaka kuona msiba, fungua Game Gear ya Sega ya mwaka 1990, ile ya mkononi: picha imefifia, sauti imekufa, na ndani kuna harufu ya samaki, maana karibu kila moja imevuja. Au Xbox ya kwanza, ya mwaka 2001, yenye kapasita ndogo ya kushikia saa ambayo huoza na kuharibu njia za bodi hata kama mashine haikuwashwa miaka kumi. Hiyo aghalabu huondolewa tu, na mashine nyingi huwaka bila yake, isipokuwa husahau saa ikichomolewa umeme. Na kama mtu ana kile kisomea diski cha Famicom cha mwaka 1986, asishangae kukuta ukanda wa mpira wa kuzungushia umegeuka kuwa lami. Hufutwa kwa spiriti, huwekwa mpya, kisha kichwa cha kusomea hupangwa upya kwa nywele moja moja, na hiyo ndiyo kazi ya kumlaza mtu na njaa.

BI. MHIFADHI. Hayo yote nayaridhia bila neno. Mpira, betri na kapasita viliwekwa vikijulikana kuwa vitakufa kabla ya mashine. Kuvibadilisha ni kuutii mpango wa mbuni.

KIJANA. Hata betri? Maana ndani ya kaseti nyingine, kama hiyo ya Zelda ya Marekani, mna betri inayoshikilia mahali mchezaji alipofika. Ukiivua ili uweke mpya, kumbukumbu inafutika. Shangazi ameniambia kitendo cha mtu kina thamani kuliko baiti. Basi mule ndani kuna majina ambayo mtoto fulani aliyaandika miaka ya themanini, na safari yake yote. Yuko nani anayemhifadhia?

Bi. Mhifadhi alikaa kimya, na katika kimya hicho Kijana hakujigamba. Alieleza tu kwamba vipo vifaa vidogo vya kuchomekea kaseti katika kompyuta, vinavyosoma kumbukumbu ile kabla betri haijaguswa, na kuirudisha ndani baada ya betri mpya kulehemiwa.

BI. MHIFADHI. Basi kifaa hicho kije hapa kwanza, kabla ya bisibisi ya mzee wako. Hilo sikuwa nalo, mwanangu, nawe umenipa.

FUNDI. Na mimi nina langu la kumpa yeye. Umesema programu hucheza sawa na mashine. Kwenye nini? Televisheni bapa. Famicom hutoa mistari takriban 240 mara 60 kwa sekunde, na kila mstari hutoka palepale unapochorwa; chogo huupokea na kuuchora bila kuuweka akiba. Televisheni bapa hupokea picha nzima, huikisia kuwa nusu ya picha ya mistari 480, huichanganya na inayofuata, huitanua, kisha ndipo inakuonyesha. Mtu wa Super Mario Bros. anabonyeza, na mruko unakuja baadaye kidogo; kidogo hicho ndicho shimo analotumbukia. Vile vigeuzi vya bei rahisi vya kugeuza AV kuwa HDMI huzidisha balaa. Viko vigeuzi vilivyoundwa na watu wanaolijua jambo, kama RetroTINK, navyo hutanua mstari kwa mstari bila kungoja. Ni vizuri, ila bei yake hushinda ya mashine. Na bunduki ya mwanga ya mwaka 1984, inayosoma mwangaza wa chogo kwa wakati wake hasa, mbele ya televisheni bapa ni kipande cha plastiki tu.

KIJANA. Na chogo zimetupwa zote, mzee.

FUNDI. Zimetupwa kwa kutojua. Matangazo ya analojia yalipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, watu walidhani televisheni zao zimekufa, na wengi wakazitoa nje. Kumbe waliozibakisha walizichomeka king'amuzi kwa zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na ya manjano, na zikaendelea. Tundu lile la manjano ndilo Famicom inalolihitaji. Ukiiona chogo ya mifumo mingi imewekwa barazani kwa jirani, muombe. Lakini usiifungue. Ndani yake mna volti zaidi ya 20,000, na kioo chake huzishika hata baada ya plagi kuchomolewa. Hiyo si kazi ya kujifunzia.

Juu ya kusafisha hawakubishana sana. Wote watatu waliafikiana kwamba pumzi haipulizwi ndani ya kaseti, kwa sababu mate huleta kutu, na kinachoonekana kuponya ni kile kitendo cha kuichomoa na kuichomeka upya; kwamba pini husafishwa kwa pamba na spiriti isiyo na maji mengi; na kwamba kifutio cha penseli hutumika pale tu spiriti imeshindwa, maana kinakwangua. Gamba lililogeuka manjano laweza kurudishwa weupe kwa haidrojeni peroksaidi na miale ya urujuanimno. Fundi alisema ni urembo, Bi. Mhifadhi akasema ni hatari, kwa kuwa umanjano hurudi, na wakapita.

Walirudi kwenye tundu, nami naona walirudi wakiwa si wale wale. Fundi alikubali kwamba hatatoboa: kisanduku cha antena kitavuliwa kizima na kutiwa katika mfuko pamoja na parafujo zake na karatasi yenye tarehe na maelezo ya kila waya, na waya za AV zitatoka kwa nyuma, katika upenyo ulioachwa na kiwanda. Bi. Mhifadhi alikubali kwamba mashine ifunguliwe. Kijana akakubaliwa kusoma kaseti zote kwanza. Mimi naliona sharti hili la kurudishika kuwa ndilo la haki kuliko yote, kwa maana linampa aliye hai haki ya kucheza leo bila kumnyang'anya haki yake yule ambaye hajazaliwa, na kwa sababu linamlazimu fundi kuandika alichokifanya, jambo ambalo mafundi wetu hodari wamezoea kuondoka nalo kichwani.

Likabaki moja. Famicom iliyotiwa AV kwa njia hiyo huonyesha mistari myembamba ya wima, yenye umbali sawa, inayoonekana zaidi juu ya rangi moja iliyotanda, kama mbingu ya buluu. Chanzo chake ni vurugu za umeme za chipu zinazovuja kuingia katika njia ya picha.

FUNDI. Kuipunguza kunawezekana. Nauinua mguu wa 21 wa chipu ya michoro utoke katika bodi, ili picha isipite tena katika njia ile chafu, na waya wangu naushika hewani.

BI. MHIFADHI. Mguu wa chipu ya umri ule, ukiinuliwa, unaweza kurudi?

FUNDI. Ukiinuliwa na mimi, hurudi. Lakini sitakuapia. Chuma cha miaka arubaini kikipindwa mara mbili huvunjika, na chipu hiyo haitengenezwi tena popote.

KIJANA. Mistari itanikera, mzee.

BI. MHIFADHI. Itakukera, mwanangu, najua. Mguu usiguswe.

Fundi alitazama bodi kwa muda, akaiacha pasi ya kulehemu ikipoa, akauliza ni lini kile kifaa cha kusomea kaseti kitaletwa, maana kabla ya hapo hakuna kazi itakayoanza.